Kusudi si sababu: sheria ya jinai kupitia simu moja ya Mbagala

Ukisahihisha majaribio ya wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza, utakutana na sentensi inayojirudia kama kibwagizo: "Mshtakiwa hana hatia kwa kuwa nia yake ilikuwa nzuri." Mwalimu anapiga mstari mwekundu, mwanafunzi anabaki ameduwaa. Mimi humwonea huruma, maana aliyemponza ni Kiswahili chenyewe. Neno letu "nia" limebeba mizigo miwili: kile mtu alichokusudia kukifanya, na kile kilichomsukuma akifanye. Tunasema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu, wala hatujisumbui kuuliza ni nia ipi kati ya hizo mbili.

Mahakama hujisumbua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inasema katika kifungu cha 10 kwamba kilichomsukuma mtu kutenda hakina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria yenyewe iseme vinginevyo. Sasa tazama ratiba ya mwanafunzi huyo huyo. Asubuhi ana somo la sheria ya jinai, linalomwambia sababu haihesabiki. Mchana ana somo la elimu ya uhalifu, ambalo halitafuti kitu kingine ila sababu. Asiyejua kuzitenga asubuhi na mchana atahangaika mpaka siku ya mwisho ya mtihani.

Basi tukubaliane kuhusu maneno. "Kusudi" ni kile ambacho akili ya mtu ilikilenga wakati mkono wake unatenda. "Sababu" ni njaa, kisasi, deni, mapenzi au tamaa iliyokuwa nyuma yake. Tutayatumia kwa Juma, ambaye hayupo popote isipokuwa katika mifano ya walimu wa sheria, na kwa simu moja aina ya Tecno, nyeusi, yenye kioo kilichopasuka kona.

Jioni kwenye banda la kuchaji

Mbagala, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, banda la kuchaji simu. Juma aliacha Tecno yake nyeusi asubuhi. Anarudi amechoka, mwenye banda yuko bize na wateja, anachomoa Tecno nyeusi, anaiweka mfukoni na kuondoka. Simu aliyochukua ni ya Asha.

Juma ameiba? Kanuni inamwita mwizi mtu anayechukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa hila na bila ya kudai haki juu yake. Kitendo kipo: kitu cha mwenzake kimetoka mahali pake na kimo mfukoni mwake. Kilatini cha darasani hukiita hicho *actus reus*. Lakini mkono peke yake hauendi jela. Inatakiwa na akili iwe na hatia, ile *mens rea*, na akili ya Juma ilikuwa inachukua simu yake mwenyewe. Kifungu cha 11 kinamlinda mtu aliyetenda kwa kuamini jambo ambalo silo, imani yake ikiwa ya kweli moyoni na yenye busara. Yule anayetenda hivyo anahukumiwa kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoyaamini. Juma hana kosa la wizi, na hana kwa sababu hakukusudia. Kama ni mtu mwema au mtu mbaya, hilo halimo.

Hapa wengi hufunga daftari, na ndipo utamu unapoanzia. Juma anafika nyumbani, anawasha simu, anaona picha ya mtoto asiyemjua. Anatulia kidogo. Kisha anatoa laini ya Asha, anaitupa, anaweka yake. Kwa wakati huo mkono haujachukua kitu, simu ilishachukuliwa saa mbili zilizopita. Je, kusudi baya lililozaliwa kitandani linaweza kurudi nyuma likakutana na kitendo cha bandani? Haliwezi. Msingi wa sheria ya jinai ni kwamba kitendo na kusudi sharti vikutane. Ila waliotunga kifungu cha 258 waliliona tundu hilo mapema wakaliziba: wizi si kuchukua tu, ni pia kukigeuza kwa hila kitu kiwe kwa matumizi ya mtu yeyote asiye mwenye kitu. Kutupa laini ni kitendo kipya, na safari hii akili imo. Juma amekuwa mwizi akiwa amekaa kitandani kwake.

Tubadilishe kidogo. Mwenye banda anadaiwa na Juma elfu ishirini za kibarua, anamzungusha mwezi wa tatu sasa. Juma anachukua simu ya mwenye banda mchana kweupe na kusema, "Ukinilipa, njoo uichukue." Kwa macho ya mtaani huyu ni mwizi kuliko wa kwanza, maana amechukua akijua kabisa si yake. Kwa sheria, ana pa kusimamia: kifungu cha 9 kinamwondolea hatia katika makosa ya mali mtu aliyetenda akidai haki kwa moyo mweupe, pasipo hila. Haki yenyewe anaweza asiwe nayo. Kinachotazamwa ni kama aliiamini kweli. Na usichanganye hili na kutojua sheria. Juma akisema, "Sikujua kuwa kuchukua simu ya mtu ni kosa," kifungu cha 8 kinamjibu kwamba kutojua sheria si kinga.

Mara ya nne Juma yuko ndani ya daladala iliyojaa, anatia mkono kwenye mfuko wa abiria aliye mbele yake. Mfuko ni mtupu, simu iko kwenye pochi. Hakuna kilichoibwa, lakini kuna kosa la kujaribu. Kanuni inataka mtu awe ameanza kutekeleza kusudi lake kwa njia inayofaa, na alidhihirishe kwa tendo la wazi. Inaongeza kwamba haijalishi kama kosa lenyewe lisingewezekana kwa mambo ambayo yeye hakuyajua. Mfuko mtupu haumwokoi. Kilichoweza kumwokoa ni kuishia kwenye maandalizi, kwa mfano kupanda daladala akiwa na wembe na tamaa tu. Mstari kati ya kujiandaa na kuanza ni mwembamba, na mahakimu wamekuwa wakiubishania tangu kanuni hii ilipotungwa mwaka 1930 kuchukua nafasi ya ile ya India iliyokuwa ikitumika Tanganyika. (Kanuni ya 1930 ina nasaba yake Queensland, Australia, kwa hiyo mwanafunzi anayekuta kesi ya Australia imenukuliwa kwenye hukumu ya Dodoma asidhani jaji amepotea njia.)

Mara ya tano. Juma anachukua simu ya Asha kimyakimya, Asha anamwona, anamdaka shati. Juma anachomoa kisu: "Niachie." Asha anaachia. Hakuna aliyekatwa hata kucha. Mwanafunzi huandika: wizi, pamoja na vitisho. Ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa sababu kifungu cha 287A hakiangalii tu nguvu iliyotumika kupata mali. Kinaangalia pia nguvu au tishio lililotumika kuibakisha, mara kabla au mara baada ya kuiba. Adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kati ya Juma wa kwanza, aliyekwenda nyumbani kulala, na Juma wa tano, tofauti iko katika sekunde chache za mkono na akili. Sababu inaweza kuwa ile ile kwa wote: kodi ya chumba.

Namba za vifungu ninazotaja ni zile zilizozoeleka madarasani. Katika toleo jipya la sheria zinaweza kuwa zimesogea, maneno ndiyo ya kushika. Na haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

"Wananchi wenye hasira kali"

Turudi kwa Juma wa kisu, maana hajafika mbali. Asha amepiga kelele, "Mwizi!" Bodaboda wameziba njia, kisu kimeanguka, watu ishirini wamemzunguka. Mmoja ana tofali, mwingine amekwenda kutafuta tairi. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na msomaji atageuza ukurasa kutafuta matokeo ya mpira.

Sijui kama kuna sentensi ya magazeti inayowapotosha wanafunzi wa jinai kuliko hiyo. Inasomeka kama utetezi. Hasira imetajwa, waliotenda hawana majina, "wananchi" ni neno la heshima. Lakini kisheria kila aliyerusha tofali anakabiliwa na swali la kuua kwa kukusudia, na jibu lake la kawaida ni, "Hatukutaka kumuua, tulitaka kumfundisha adabu." Angalia lilivyojificha hapo kosa lile lile la mwaka wa kwanza. Kumfundisha adabu ni sababu. Kusudi, yaani kile akili ilicholenga tofali lilipokuwa hewani, ni kumvunja. Na kifungu cha 200 hakidai kwamba muuaji awe alitaka mtu afe. Inatosha kuwa alikusudia kumletea madhara makubwa mwilini, au alijua kwamba anachokifanya kina uwezekano mkubwa wa kuleta kifo au madhara hayo.

"Lakini tofali langu lilimpata mguuni." Hilo nalo lina jibu. Watu wawili au zaidi wakiwa na lengo la pamoja la kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatokea kosa ambalo lingetarajiwa litokee, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haina haja ya kupima tofali la nani liliua. Aliyeleta tairi amesaidia, aliyesema "mchome" amechochea, na mwenye kusaidia au kuchochea anashtakiwa kama mtenda kosa.

Aliyesimama kando akirekodi kwa simu je? Kuwepo peke yake si kosa, na sheria yetu haimlazimishi mpita njia awe shujaa kila mahali. Hata hivyo Kanuni ina kifungu kisichotajwa sana darasani, kinachomhesabia kosa mtu anayejua kosa linatendeka asitumie njia za busara kulizuia. Sijawahi kusikia kikitumika kwa mrekodi video. Kipo.

Na hasira yenyewe? Ina nafasi, ila mlango wake ni mwembamba. Mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla iliyoletwa na tendo baya au tusi, kabla damu haijapoa, anaweza kupunguziwa kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa: je, naye angepoteza uwezo wa kujizuia? Majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki walilazimika kukinoa kipimo hicho mwaka 1951 katika kesi ya Uganda iliyohusu uchawi. Wakasema imani ya mtu kuwa anarogwa, hata ikiwa ya dhati, haitoshi. Lazima pawe na tendo la uchokozi lililofanywa mbele yake, na ghadhabu iwe imemkamata papo hapo, si hofu iliyopikwa kwa siku nyingi. Kwa kipimo hicho Asha, aliyewekewa kisu, ana la kusema akishika jiwe dakika ile ile. Kijana aliyekimbia kutoka mtaa wa tatu kwa kusikia tu "mwizi", ameibiwa nini?

Nani athibitishe

Hili nalipita haraka kwa kuwa ni rahisi kulisema, ingawa ni gumu kuliishi. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, na kiwango chake ni kutoacha shaka ya msingi. Kesi ambayo kila mwanafunzi huikariri ni ya Uingereza ya 1935, ya Woolmington, kijana wa shamba aliyedai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mkewe. Jaji wa mwanzo aliwaambia raia waamuzi wa kesi (*jury*) kwamba ni juu yake kuthibitisha hiyo bahati mbaya. Baraza la Mabwana (*House of Lords*), lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likakataa. Kwa Juma maana yake ni kwamba hatakiwi kuthibitisha kuwa simu zilifanana. Akitia shaka yenye akili kuhusu kusudi lake, na Jamhuri ikashindwa kuiondoa, anatoka.

Tofauti kubwa hapa ni wazimu. Kila mtu anachukuliwa kuwa na akili timamu mpaka ionekane vingine, na anayedai hakuwa nazo wakati wa tendo ndiye anayethibitisha, kwa kiwango cha chini kidogo, kile cha mizani kuelemea upande wake. Kipimo chetu kina damu ya kesi ya M'Naghten ya 1843, mtu wa Glasgow aliyempiga risasi katibu binafsi wa waziri mkuu wa Uingereza. Mtoto wa chini ya miaka kumi hana haja ya utetezi wowote, sheria haimhesabii kosa hata kidogo.

Katika ibara hiyo hiyo ya Katiba kuna aya (c), ambayo naipenda kuliko zote: hakuna kuadhibiwa kwa kitendo ambacho kilipotendwa hakikuwa kosa, wala kwa adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo wakati huo. Wazee wanaokumbuka mwaka 1983 wanajua si maneno ya urembo. Msako wa wahujumu uchumi ulianza Machi mwaka ule, na sheria maalumu ya kuwahukumu ilipitishwa watu wakiwa wameshakamatwa, ikarudishwa nyuma kuwafuata. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka uliofuata.

Mchana: kwa nini Juma?

Sasa tufungue daftari la pili. Maswali ya kusudi yameisha, tunauliza sababu.

Jibu kongwe zaidi mtaani ni sura: "Huyu hata macho yake ya wizi." Daktari wa Turin, Cesare Lombroso, alilifanya jibu hilo kuwa sayansi mwaka 1876, akipima mafuvu na taya za wafungwa na kudai kwamba mhalifu ni mtu aliyezaliwa amerudi nyuma kwenye hatua za kale za binadamu. Charles Goring akawapima wafungwa zaidi ya 3,000 wa Uingereza na mwaka 1913 akaonyesha kwamba umbo hilo la mhalifu halipo. Lombroso alikuwa ameshafariki mwaka 1909, na mifupa yake imo kwenye makumbusho ya Turin, ikitazamwa kama yeye alivyowatazama wengine. Nadharia yake imekufa chuoni. Kwenye kona ambako kijana mwenye rasta husimamishwa na kupekuliwa, bado inapumua.

Robert Merton, Mmarekani aliyeandika mwaka 1938, aliacha mafuvu akatazama jamii. Jamii humwambia kila mtu nini cha kutamani, halafu hutoa ngazi za kukifikia kwa wachache. Anayetamani kile kile ila hana ngazi hutafuta ngazi yake, na huyo Merton alimwita mbunifu. Wengine hukata tamaa na kitu lakini wakashika taratibu, wengine hujitoa katika vyote viwili, wengine huasi na kutaka jamii nyingine. Kwa Juma nadharia hii inakaa vizuri. Bango la simu mpya limesimama juu ya kituo chake cha daladala, na kibarua chake hakijalipwa mwezi wa tatu. Shida ni kwamba inakaa vizuri hata kwa jirani yake asiye na kibarua kabisa, ambaye hajaiba hata sindano.

Travis Hirschi aligeuza swali mwaka 1969: usiulize kwa nini mtu anaiba, uliza kwa nini wengi wetu hatuibi. Jibu lake ni kamba zinazotufunga: watu tunaowapenda na tusiotaka kuwaaibisha, mambo tuliyowekeza tusiyotaka kuyapoteza, shughuli zinazotujaza siku, na kuamini kwamba sheria ni za haki. Mama mwenye nyumba akijua jina la baba yako, tayari una kamba moja.

Aliyewasumbua wote hao ni Edwin Sutherland. Desemba 1939 alisimama mbele ya wanasosholojia wenzake wa Marekani akawauliza: kama umaskini ndio mama wa uhalifu, wale wa suti na kola nyeupe wanaoiba kwa kalamu wamezaliwa na nani? Kwake uhalifu hufundishwa, kama ufundi mwingine wowote, katika mazungumzo na watu wa karibu. Mtu hujifunza namna ya kufanya, na pia maneno ya kujihalalishia. Kitabu chake kuhusu makampuni kilipotoka mwaka 1949, majina ya makampuni yalikuwa yameondolewa kwa kuogopa kesi. Yalirudishwa katika toleo la 1983, akiwa kaburini miaka zaidi ya thelathini. Nasi tuna msamiati wetu wa kuhalalisha: "chai", "ya kutolea", "kula kwa urefu wa kamba". Karani anayetumia maneno hayo hajawahi kujiita mwizi, na banda la Mbagala lina wateja wengi wa aina yake.

Kuna pia nadharia isiyojali roho ya Juma hata kidogo. Lawrence Cohen na Marcus Felson, mwaka 1979, walisema kosa hutokea vitu vitatu vikikutana: mtu aliye tayari, kitu kinachobebeka, na mlinzi asiyekuwepo. Mwenye banda akianza kutoa vibandiko vyenye namba, nusu ya maswali yetu ya asubuhi yanakufa. Ni nadharia ya fundi bomba, na mimi naiheshimu.

Lakini umati wenye matofali unahitaji mtu mwingine. Émile Durkheim, Mfaransa, aliona mwishoni mwa karne ya 19 kwamba adhabu hailengi mkosaji peke yake. Inawakusanya wale wengine, inawakumbusha kuwa wao ni kitu kimoja na wanachukia jambo moja. Ndiyo maana, alisema, hata jamii ya watakatifu watupu ingepata wahalifu wake, maana vijidosari vyao vingekuwa dhambi kubwa. Msomeni huyu mkiwa na picha ya wale watu ishirini akilini. Hawajuani, wengine hawana simu ya kuibiwa, lakini kwa dakika kumi ni kijiji. Howard Becker aliongeza mwaka 1963 kwamba mhalifu ni mtu aliyebandikwa jina likang'ang'ania. "Mwizi!" si taarifa tu, ni jina, na mtu akishapewa hakuna anayeuliza Juma huyu ni wa mfano wa ngapi: yule aliyekosea simu, au yule wa kisu. Umati hauna kifungu cha 11.

Hata sheria imewahi kubandika majina. Kanuni za kikoloni zilituachia makosa ya uzembe na uzururaji, ambayo humkamata mtu kwa kuonekana mahali na katika mazingira yanayofanya adhaniwe ana shughuli mbaya. Kitendo ni kipi? Kusudi gani limethibitika? Yale tuliyojifunza asubuhi yote yanaruka dirishani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika.

Pale madaftari mawili yanapokutana

Hakuna nadharia hata moja hapo juu ambayo ni utetezi. Ukiandika "Juma aachiwe kwa mujibu wa Merton" utapata sifuri, na ni haki yako. Sababu ina kiti chake mahakamani, ila kiko karibu na mlango wa kutokea, baada ya hatia kutamkwa. Ndipo hakimu anamuuliza mtu kama ana la kusema kabla ya adhabu, na mtu anasema yale tunayoyasoma magazetini kila wiki: ni kosa langu la kwanza, nina familia inayonitegemea, mama yangu mgonjwa. Kibarua kisicholipwa, bango la simu, marafiki wa kijiweni, yote yaliyokatazwa kuingia asubuhi huruhusiwa kuingia saa hiyo, na hakimu hupima.

Hupima, ikiwa sheria imemwachia mizani. Kwa kuua kwa kukusudia haijamwachia: Kanuni inataja kifo, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema adhabu hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba yenyewe imeiachia nafasi. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, hukumu zinaendelea kutolewa. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, katika shauri dhidi ya Tanzania, ilikita hasa kwenye ule ulazima: kumnyima jaji nafasi ya kutazama mtu na mazingira yake kunavunja haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imeshauondoa ulazima huo Desemba 2017, ya Uganda mwaka 2009. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema sababu inafuta hatia. Zilisema isikilizwe kabla ya adhabu.

Cesare Beccaria, kijana wa Milano, aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Miaka 30 ya kifungu cha 287A imeandikwa na watu walioamini kinyume chake, au waliochoka. Kwa hiyo Juma wa kisu, tuseme polisi walifika kabla ya tairi, anasimama mbele ya hakimu Temeke. Anaeleza habari ya kibarua, ya kodi, ya watoto wawili. Hakimu anamsikiliza mpaka mwisho, anayaandika aliyosema mstari kwa mstari, na chini yake anaandika miaka 30.